Tai Aliyeogopa Maji

Aliyewakutanisha ni upepo. Ilikuwa asubuhi, na mtaa wa maduka ya vitambaa ulikuwa umefurika: wachuuzi wakiita wateja, mikokoteni ikidai njia, redio za madukani zikigombana kila moja na wimbo wake. Katikati ya vurugu hiyo akapita dada mmoja mwembamba, gauni la samawati lenye mkanda mweupe kiunoni, kilemba cha rangi hiyo hiyo, na begani jora la kitambaa cheupe lililokaribia kumzidi urefu. Kamba ya jora ikafyatuka. Kabla hajageuka, kitambaa kikajaa upepo, kikapaa juu ya vichwa vya watu, kikaenda kunasa kwenye majukwaa ya ghorofa lililokuwa likijengwa ng'ambo ya barabara.

"Haya," yule dada akasema, mikono kiunoni, "na hapo nani atanishushia?"

Mafundi wa jengo walitazama juu, wakatazamana, kisha wote wakaita jina moja.

"Tai."

Tai ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kunywa chai. Yeye alikuwa mwendesha kreni. Kutwa alikaa kwenye kibanda cha vioo kilichopita ghorofa zote za mtaa ule, akiinua nondo na zege, na huko juu ndiko alikopatia jina. Kijana wa kifua kipana, ovaroli ya rangi ya chungwa, kofia ngumu ya njano, tabasamu la mtu anayejua kwamba anatazamwa. Akaweka kikombe chini, akakwea majukwaa kama anapanda ngazi za kwao, akakinasua kitambaa pasipo kukichana uzi, akakizungusha shingoni na kushuka.

"Huogopi?" dada akamuuliza.

"Niogope nini? Chini nitafika tu."

Wenzake wakacheka, ingawa jibu hilo walishalizoea. Tai alimkabidhi dada mali yake, lakini mkono haukuwa na haraka ya kuachia.

"Cha harusi?"

"Cha majoho ya ubatizo. Kanisani kwetu kuna kundi linabatizwa."

"Hata mimi ni mtu wa kanisa."

"Umebatizwa?"

Swali hilo lilimkuta hajajiandaa. "Niko darasani."

"Tangu lini?"

"Dada, wewe ni mshonaji au hakimu?"

"Mshonaji. Wananiita Sindano. Ukikaa karibu utajua kwa nini."

"Nikae karibu kiasi gani?"

Sindano akacheka, akalivuta jora lake, akaondoka. Alipofika kona aligeuka, na Tai aliona, akamfuata mbio. Siku hiyo alirudi kwenye kreni chai ikiwa imepoa na namba ya simu ikiwa imeandikwa kiganjani.

Chumba cha Sindano cha kushonea kilikuwa ghorofa ya pili upande wa pili wa mtaa, cherehani mbili na meza ya kukatia, na dirisha lake lilitazama kreni. Mapenzi yao yakaanzia hapo, kwa simu, kila mapumziko ya mchana.

"Nakuona," Sindano alikuwa akisema.

"Utanionaje? Kutoka hapo mimi ni nukta."

"Basi naiona nukta yangu. Imekula?"

"Nukta haili peke yake. Shuka uje."

"Nishuke nije kupanda? Mimi kizunguzungu kinanipata hata kwenye kiti cha kubadilishia balbu."

"Nitakubeba."

"Beba nondo zako, baba. Mimi nitembelee kwa miguu, kwa adabu, mbele ya shangazi yangu."

Akatembelewa, kwa miguu na kwa adabu. Shangazi, aliyemlea Sindano tangu utotoni, alimkagua kijana kuanzia viatu hadi kichogo, akasema, "Ana macho ya mtu mwema. Tuombe Mungu na mengine yafanane." Tai akahamia kanisa lao na kuandikishwa upya darasa la ubatizo.

Hapa inabidi tuseme ukweli ambao Tai mwenyewe hakuusema. Imani yake haikuwa ya kuigiza. Aliomba kila asubuhi kabla ya kuwasha mtambo. Alikuwa ameacha pombe, ameacha marafiki wa pombe, ameacha hata kutukana mafundi wa zege, jambo ambalo kwa mwendesha kreni ni muujiza. Lakini alipokuwa mtoto alitumbukia kwenye tangi la maji la shule, akatolewa hajitambui, na tangu siku ile maji yakimpita shingo, roho humruka. Alioga kwa kikombe, uso kwa kitambaa kilicholowana. Mama yake alijua kwamba alitumbukia. Hakujua kwamba mpaka leo hajatoka. Na kwa kuwa dunia nzima ilimwita Tai, asiyeogopa kitu, angemwambia nani?

Makanisa yote aliyopitia yalibatiza kwa kuzamisha. Siku ikifika, Tai huumwa tumbo, au husafiri, au hufiwa na mjomba ambaye baadaye huonekana sokoni mzima wa afya. Kanisa moja walifikia hatua ya kumwita mwanafunzi wa kudumu. Na kanisani kwa kina Sindano hali ilikuwa ile ile. Mbele ya madhabahu, chini ya sakafu ya mbao, palikuwa na bwawa dogo la vigae. Jumapili mbao zikiondolewa, Tai alihamia benchi la mlangoni.

Siku moja alimkuta Sindano akishona kitu kwenye upindo wa joho.

"Hivyo ni nini?"

"Vyuma vidogo. Joho lisielee mtu akiingia majini. Likae chini vizuri."

"Vyuma," Tai akarudia taratibu. Alikiweka kikombe chake mezani na hakukigusa tena.

Sindano akainua macho. "Mpenzi, mchungaji hafungishi ndoa ya asiyebatizwa, hilo unalijua. Lakini usije ukaingia majini kwa ajili yangu. Ingia kwa sababu umejitoa kwa Mungu, wewe mzima mzima. Kama kuna kinachokuzuia, niambie mimi kwanza."

"Kunizuia mimi? Kipi hicho, laazizi?" Tai akacheka, na kicheko chake mwenyewe hakikumpendeza.

Jumapili ya ubatizo ilipofika, ibada ikikaribia kuanza, simu ya Sindano iliita. Akatoka nayo uani.

"Kipenzi, nisamehe. Bosi kaniita kazini. Kuna zege la dharura."

"Uko juu sasa hivi?"

"Niko juu."

"Unafanya kazi?"

"Jasho linanitoka." Na hapo hakudanganya, maana alikuwa amekaa kitandani kwake, amelowa.

"Haya. Mungu akubarikie kazi yako."

Asichojua Tai ni kwamba kutoka ule ua wa kanisa kreni yake ilionekana vizuri, na mkono wake mrefu ulikuwa ukizunguka taratibu, ukifuata upepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Sindano jambo hilo. Mwendesha kreni akimaliza kazi, huiachia breki ya kuzungushia ili mkono uende upepo unakokwenda. Ukiuona unajizungukia hivyo, kibandani hamna mtu. Sindano alirudi ndani, akawavika wengine majoho, akaimba nyimbo zote, na hakumwambia mtu neno.

Tai naye siku hiyo alipata wazo alilolipenda sana. Tatizo ni maji, basi ajifunze kuogelea. Akishajua, atashuka bwawani kifua mbele, na hakuna atakayejua kwamba aliwahi kuogopa. Akatafuta hoteli iliyo mbali na mtaa wao, yenye bwawa na mwalimu, akawa anaenda Jumamosi mchana. Alirudi macho mekundu, ananuka dawa ya maji, na kila akiulizwa alisema ni vumbi la saruji.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga hawakukosea. Jumamosi moja akiwa ndani ya maji ya kiuno, simu yake iliyokuwa ukingoni ikaita. Akajikausha mkono, akapokea.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini."

Nyuma yake mtoto akajirusha majini kwa kishindo. Filimbi ikalia.

"Kazini kuna bwawa?"

"Ni... bomba limepasuka."

"Tai." Sauti ya Sindano ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomtisha. "Shangazi ana kikao chake cha akina mama hotelini hapo. Yuko baraza ya juu. Anasema umevaa kaptula, na mwanamke amekushika kiuno."

Tai akatazama juu. Kweli, kilemba cha shangazi kilikuwa kinamtazama. Angesema neno moja tu yangekwisha. Lakini neno lenyewe lilikuwa "naogopa", na hapo, Mungu amsamehe, aliona heri aitwe mhuni kuliko mwoga. Mhuni angalau huonewa wivu.

"Sivyo unavyofikiri," akasema.

"Hata Jumapili ile sivyo nilivyofikiri? Uliniambia uko juu, na kreni ilikuwa inazunguka na upepo. Nikanyamaza. Nikasema atakuja kuniambia mwenyewe. Nimekungoja, Tai, mpaka nimechoka. Usinipigie tena."

Simu ikakatika. Mwanamke aliyemshika kiuno, bibi mmoja mnene mwenye wajukuu, kofia ya mpira kichwani na filimbi kifuani, alimwachia akasimama kumtazama.

"Mchumba?" akauliza.

"Alikuwa."

"Pole, mwanangu. Basi lala tena tujaribu, huzuni isikupotezee somo."

Tai akalala juu ya mikono yake. Mwili wote ukakakamaa, shingo ikasimama, vidole vikamng'ang'ania bibi wa watu mpaka akamfinya. Akazama, akakurupuka akikohoa.

"Miezi yote hii," bibi akasema, "watoto wa chekechea wananiacha wanaelea, wewe bado unapigana na maji. Hivi unajifunza ili iweje?"

Pengine ni kwa sababu alikuwa amekwisha kupoteza alichokuwa anakilinda. Tai akamweleza yote: tangi la shule, ubatizo, mjomba aliyefufuka, Sindano. Bibi alisikiliza huku akikung'uta maji kwenye kofia yake.

"Ngoja nikuelewe," akasema. "Unataka kwanza ujue kujiokoa mwenyewe, halafu ndiyo ukajitoe kwa Mwokozi?"

Tai akashika ukingo wa bwawa.

"Mfa maji haachi kutapatapa, mwanangu, na mara nyingi kutapatapa ndiko kunakomuua. Nimewatoa watu wengi majini. Anayetulia nikambeba, huyo natoka naye. Nenda nyumbani. Mimi sina cha kukufundisha mpaka ukubali kushikwa."

Jumatatu yake Tai alifanya kazi kimya. Dirisha la ng'ambo lilikuwa limefungwa pazia. Jioni, jua likiwa bado halijashuka, mawingu mazito yakaanza kujikusanya upande wa mashariki na msimamizi akapuliza king'ora cha kufunga kazi. Tai alinyanyua ndoano, akaivuta karibu na mnara, akazima mtambo, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye breki ya kuzungushia, kama ulivyokwenda kila siku tangu alipoanza kazi. Akaiachia. Kreni ikatikisika kidogo, ikaanza kugeuka.

Mkono wake ukabaki pale pale. Siku ya kwanza ya mafunzo walimwambia jambo hili na hakulisahau: kreni iliyofungwa breki, upepo mkubwa huiangusha, hata iwe na msingi wa namna gani. Iliyoachiwa husimama. Miaka yote alikuwa akiiachia kreni kila jioni, na yeye mwenyewe hajawahi kujiachia hata siku moja. Akakaa tena kitini. Upepo ukawa unamzungushia mji mzima mbele ya macho: mapaa, minara, barabara zenye magari, dirisha lenye pazia.

"Bwana," akasema kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia. "Nimekupa Jumapili zangu. Nimekupa pombe na ulimi wangu. Nilikupa kila kilichonifanya nionekane mtu mwema. Hofu yangu nilikuficha, na jina la Tai nililing'ang'ania, kwa sababu bila hilo jina sijui mimi ni nani. Leo chukua vyote. Chukua na Sindano, kama harudi. Ukiniacha nizame, nizame nikiwa wako."

Akalia. Alilia kilio cha kwikwi, kilio cha mtoto aliyetolewa kwenye tangi, na alipomaliza alishangaa kukuta hofu bado ipo. Haikwenda popote. Ila haikuwa siri tena kati yake na Mungu, na moyo ulikuwa mwepesi hata akajikuta anacheka peke yake. Alishuka ngazi upepo ukimpiga mgongoni, na huko chini akawakuta mafundi wakibadilisha viatu.

"Jamani," akasema, "mimi naogopa maji."

Mikono ikasimama kwenye kamba za viatu. Kisha wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Msuka nondo, jitu la miraba minne, alijifuta machozi akasema, "Na mimi kuku. Akipiga mbawa tu, mimi mnanikuta mtaa wa tatu." Na walipomaliza kucheka Tai alikuwa bado mzima, na bado walimwita Tai.

Kesho yake alikwenda kwa mchungaji, mzee mfupi mwenye miwani, akamweleza yote, hata kuhusu mjomba.

"Ukinizamisha," Tai akauliza, "ukiniachia je?"

"Nikikuachia wewe, na mimi nimekwenda. Mimi mwenyewe sijui kuogelea." Mchungaji alivua miwani. "Lakini mwanangu, huji kujikabidhi kwangu. Uko tayari?"

"Siko tayari, mchungaji. Lakini nakuja."

"Hilo," mzee akasema, "ndilo jibu nililokuwa nalingoja darasani kwangu siku zote."

Baada ya hapo ndipo alipompigia Sindano. Simu iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Nilikwambia usinipigie."

"Najua. Sikupigii ili unirudie. Nakupigia kwa sababu nilikudanganya na sitaki tena. Sindano, naogopa maji."

Cherehani ikasikika ikisimama.

"Maji gani?"

"Yote."

"Yote yote?"

"Naoga kwa kikombe. Yule mwanamke ni mwalimu wa kuogelea, ana wajukuu. Na sikujifunza kitu. Jumapili ile nilikuwa kitandani, natetemeka. Nilikuona kila siku, nikashindwa kukuambia, kwa sababu ulimpenda Tai na mimi nilikuwa simjui mtu mwingine wa kukuletea."

"Nimesikia," Sindano akasema, na sauti yake haikuwa kavu. Kisha akakata.

Jumapili mbao ziliondolewa. Kanisa lilijaa hadi madirishani, na mafundi wa jengo walikuja wote, mashati yamepigwa pasi, msuka nondo amevaa tai iliyombana shingo. Tai alitembeza macho benchi kwa benchi. Hakumwona Sindano. Moyo ulimuuma, uongo hausaidii, lakini miguu haikugeuka. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Ngazi ya kwanza, maji yalifika kifundoni. Ya pili, magotini. Yalipofika kifuani mkono wake ukashika ukingo wa bwawa wenyewe, vidole vikakaza. Mchungaji alimsubiri. Kwaya ilimsubiri. Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Unamwamini?" mchungaji akauliza polepole.

"Namwamini."

"Mkono, basi."

Tai akautazama ule mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kidole kimoja kikafunguka. Kisha cha pili. Kisha akauachia ukingo wote, akakunja mikono kifuani, akafumba macho na kujiegemeza nyuma mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Maji yakamfunika uso. Yakaingia masikioni, na kelele zote zikakatika. Alisubiri ile hofu ya zamani imkabe, na ilikuja kweli, ikampitia kama gari barabarani, ikaenda zake. Hakupigana. Kwa mara ya kwanza tangu utoto alikuwa chini ya maji na hatapatapi, amebebwa, mzima mzima, hana alichokishika. Kisha mikono ikamwinua, na mwanga ukampiga machoni pamoja na sauti za watu.

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Msuka nondo alikuwa amepanda juu ya benchi, analia waziwazi. Tai alisimama maji yakimchuruzika, akavuta pumzi hadi chini ya tumbo, akamgeukia mzee.

"Mchungaji, naomba tena."

"Ni mara moja tu, mwanangu. Inatosha maisha yote."

Watu wakacheka, yeye akacheka kuliko wote, akaanza kupanda ngazi akiwa hajui anakokwenda. Taulo likamzunguka mabegani. Akafuta macho, na mbele yake alisimama Sindano, gauni jeupe lisilo na mkanda, amelowa hadi magotini kwa sababu alishuka ngazi mbili kumpokea na hata viatu hakuvua. Alikuwa nyuma ya pazia tangu mwanzo, kwenye kazi yake ya kuwavisha wanaobatizwa. Nyuma yake shangazi alikuwa ameinamisha kilemba.

"Shangazi anaomba radhi," Sindano akasema. "Na mimi nimekuja. Sikumfuata Tai. Nimemfuata huyu niliyemsikia kwenye simu."

Meno ya Tai yalikuwa yakigongana. "Nina neno nataka kukuomba. Nilipanga nikuombe kwenu, mbele ya shangazi, nikiwa nimekauka na nimevaa suti."

Sindano akamfunga taulo vizuri shingoni, macho yake yamejaa.

"Niombe hivyo hivyo ulivyolowa," akasema.

Akamwomba.